Mwalimu Aliyemwagilia Chuma

Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli, mwalimu alizunguka nyuma ya chumba chake cha kukodi pale Voi akamwagilia chuma. Si mche, si ua. Chuma. Kilikuwa kipande cha nondo kilichopigwa nyundo ardhini mpaka kikabaki kichwa tu, na yeye alikimwagia mkebe mzima wa maji ya chumvi, polepole, midomo ikichezacheza. Watu waliokuwa wakipita walivuka barabara. Sisi Wadawida tunajua mtu mzima akimwaga maji chini huku anasema maneno, anatasa: anayataja yaliyomkaa moyoni, anayatema na maji, hasira itoke isije ikamshika mtu wa nyumbani, hasa mtoto. Kwa hiyo mtaa mzima uliamini kwamba mwalimu mstaafu wa fizikia, mama wa kanisa, mwenye kiti chake mbele, ana hasira na mtu. Kila mmoja alijiuliza kama ni yeye.

Alikuwa anahesabu tu, mpaka maji yazame. Udongo wetu mwekundu ukikauka haupitishi umeme, na waya wa ardhini usiposhika ardhi, kelele yote ya umeme inabaki kwenye meza yake ya kazi. Nilipomwambia watu wanasema anatasa, alijibu, "Waache. Angalau wananyamaza wakipita."

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yake, yatasomwa kwa sauti nzuri, na hakuna atakayemtambua humo. Mimi nitaandika ninayoyajua.

Alinifundisha sekondari na nilimwogopa. Hakuwa anachapa. Alikuwa anasubiri. Ukikosea jibu ubaoni anakaa kimya, chaki mkononi, anakutazama mpaka unatamani akuchape yaishe. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo sitazitaja, nikazaa mtoto, na baba wa mtoto yuko Mombasa, na hapo ndipo nitakapomwacha. Mwalimu naye alistaafu. Tulidhani atapanda Wusi kwao kulima kabichi. Badala yake alikodi chumba karibu na fundi wa kuchomelea, akaweka meza mbili, akapaka dirisha rangi nyeusi.

Mwanafunzi wake wa zamani, msomi wa chuo kikuu, ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo. Yeye na wenzake walikuwa wanachapisha vihisi vya mwanga. Kihisi chenyewe ni kipande cha plastiki, laini kama karatasi ya peremende, na juu yake wamechapisha wino tabaka kwa tabaka, kama kalenda inavyochapishwa. Wino ndio unaoona. Mwanga ukiuangukia, unatoa umeme kidogo. Ukikizungusha kwenye mguu wa mtoto mchanga na kuwasha taa ndogo upande wa pili, mwanga unapenya nyama, damu inaubadilisha, na kihisi kinakuambia kama damu hiyo ina hewa ya kutosha. Vile vya hospitalini ni vibanio vigumu, vimetengenezwa kana kwamba kila mgonjwa ana kidole cha dereva wa lori. Hivi vingekunjika na mguu. Kikichafuka unakitupa, unavaa kingine.

Shida ilikuwa kelele. Hilo ni neno lake, na si kelele ya masikio. Ni umeme usiotakiwa unaoingia kwenye ule mdogo unaoutafuta, mpaka mstari kwenye kompyuta unatetemeka kama mkono wa mlevi. Kule chuoni kwenye baridi vihisi vilitulia. Viliposhushwa Voi vilianza kuona mwanga hata vikifungiwa ndani ya mkebe, gizani kabisa. Joto linavifanya vivuje umeme vyenyewe. Ndiyo sababu walimtafuta mwalimu: walihitaji mtu mkaidi anayeishi kwenye joto.

Mimi nilienda kwake nikiwa na hasira, na nitasema ni ya nini.

Wakesho wangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hivi kwamba nepi ilimfika kwapani. Alilazwa wodi ya watoto njiti na kibanio mguuni, na mashine ya kibanio ililia mchana kutwa. Mtoto akinyoosha mguu, inalia. Mtu akichomeka birika la umeme chumba cha pili, inalia. Sista alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Mwanzoni alikuja mbio kila mara. Baadaye akaja akitembea. Halafu akabonyeza kitufe, sauti ikazimika, akaniambia, "Mama, usitishike, hii mashine hulia bure." Ikabaki taa tu ya kupepesa. Mchana huohuo nilimtazama Wakesho nikaona midomo yake imekuwa ya rangi ya zambarau. Taa ilikuwa inapepesa kama ilivyopepesa tangu asubuhi. Nilipiga ukemi, sista akaja, wakampulizia hewa kwa mfuko, mtoto akarudi. Yuko hai. Lakini alitoka na kifua kibovu, na daktari akasema akilala aangaliwe, kwa maana kuna nyakati hewa inashuka, mpaka atakapokua.

Aangaliwe na nani? Na mimi. Kwa macho. Na macho yenyewe yanataka kulala.

Niliposikia mwalimu ana kitu cha kufunga mguuni, nilibeba mtoto nikaenda. Nilimweleza yote kwa kupayuka. Hakusema pole. Aliuliza, "Hiyo mashine ilipokuwa inalia, ni yeye ama ni sisi?"

"Sisi nani?"

"Sisi. Waya, birika, joto, mkono wa mtu. Kila mstari ukitetemeka, swali ni hilo moja. Ni yeye ama ni sisi? Sista hakuweza kujua. Sasa mfunge mtoto mgongoni, unishikie hii."

Ndivyo nilivyoanza kazi kwake.

Alikuwa mtu wa kukataza. Kukata kucha mle ndani, marufuku. Simu, marufuku, iachwe kwa fundi. Kupaka mtoto mafuta halafu kushika karatasi za vihisi, marufuku kubwa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na redio kuukuu iliyoimba kwaya kutwa nzima, ikikwaruza kuliko kuimba, na ukiizima anakugeukia. "Hiyo kelele naijua ilipo," alisema. Mtu anayefukuza kelele maisha yake yote hawezi kufanya kazi kimya! Sijawahi kuelewa.

Na fundi wa jirani. Kila akigusa chuma na moto wake, mstari wetu uliruka mpaka juu ya kompyuta. Siku za mwanzo mwalimu alienda kumgombeza. Wakapatana awe anabisha ukutani kabla ya kuchoma.

"Fundi! Mbona hukubisha?"

"Nimebisha, Mwalimu! Masikio yako yamezeeka."

"Masikio yangu ni mazima. Ukuta wako umejaa vyuma vya wizi, haupitishi sauti."

"Aa, Mwalimu! Vya wizi tena mbele ya mteja?"

Halafu asubuhi moja alikaa akitazama ukuta, akaniambia, "Tumekosea. Wodi nayo ina fundi wake. Ina birika, ina jenereta, ina friji ya chanjo. Tukimnyamazisha huyu tunajidanganya." Akabisha yeye. "Fundi! Choma!"

"Nichome nini? Sina kazi leo."

"Choma chochote. Choma ndoo."

Tangu siku hiyo alimtaka achome. Fundi aliunganisha vyuma visivyo na maana yoyote, na vingine bado viko pale nje, mbuzi wanajikunia. Mwalimu akawa anazuia. Alifunika kihisi kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaunganisha mkebe na ile nondo yake nyuma. Alifupisha waya mpaka kifaa cha kukuza umeme kikakaa juu ya mguu wenyewe, maana waya mrefu unakusanya kila kinachopita. Nyaya zilizobaki alizisuka mbili mbili, kama nywele. Alinieleza akiwa anasuka: kelele ikimwingia huyu inamwingia na mwenzake vilevile, basi ukimtoa mmoja kwa mwingine, kelele inajifuta na kinachobaki ni cha mtoto. Nilikaa shule miaka yote ile sikuelewa kitu. Hapo nilielewa, na nikakasirika kwamba hakunieleza hivyo darasani.

"Darasani mlikuwa wengi," alisema. "Na wewe ulikuwa unasuka nywele za mwenzako chini ya dawati."

Joto lilikuwa gumu zaidi kwa sababu halikuwa letu kulirekebisha. Lilikuwa la wachapishaji. Alimpigia msomi wake simu kila wiki. "Ongezeni ukuta," alimwambia. Alitaka tabaka jingine jembamba kati ya wino na chuma chembamba kinachopokea umeme wake, la kuzuia umeme usipenye gizani. Karatasi mpya zikaja kwa basi, tukazipima ndani ya mkebe saa za jua kali, na mwalimu akarudi kwenye simu. "Bado inavuja. Ongezeni." Nilimsikia yule msomi akisema ukuta ukizidi na mwanga wenyewe utapungua. "Basi tafuteni unene wake, si ndiyo kazi? Ama nimfundishe nani tena?"

Kulikuwa na kelele moja iliyotusumbua kupita zote. Ilikuja ikaenda. Vihisi vilivyokuwa safi asubuhi vilivuja ukingoni kufika saa nne, na mwalimu akanishuku mimi na mafuta ya mtoto. Alininusisha mikono yangu mwenyewe. Akanitoa nje siku nzima nikae na fundi, akafanya kazi peke yake. Jioni alikuja mlangoni, akasimama pale na ule ukimya wake wa ubaoni.

"Ni sisi," alisema. "Na sisi ni mimi."

Ilikuwa mahamri. Kila saa nne alikula mahamri mawili na chai, akajifuta vidole kwenye leso, akarudi kushika karatasi. Fundi alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. Mwalimu hakucheka, lakini hakuficha pia. Alimpigia msomi wake papo hapo, akamwambia vipimo vyote vya baada ya saa nne avitupe, na sababu akaitaja kwa jina lake: mahamri. Kuanzia hapo alikula akiwa amesimama nje, mikono mbele, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sasa msidhani alikuwa mtu mwema. Alikuwa mkweli, na hicho ni kitu kingine.

Wageni walikuja kutoka chuoni, yule msomi na wenzake, wametangulia wafadhili ambao wangefuata. Walitaka mstari mzuri wa kuonyesha. Mmoja, kijana wa heshima, alifungua kompyuta yake na kuonyesha jinsi ya kuulainisha: unachukua vipimo vingi vilivyopita, unavichanganya, unachora wastani. Mstari ukatulia kama maji ya beseni. Nilifurahi, sitasema uongo. Mwalimu aliangalia, akasema, "Vizuri." Kisha akaweka kiganja chake kati ya taa na kihisi, akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti, bila haraka. Alipofika kwenye mkate wetu akakiondoa.

"Mstari umefanya nini?"

Kijana akatazama. Ulikuwa umeinama kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu.

"Huyo ni mtoto aliyekosa hewa," mwalimu alisema. "Mmemlainisha."

"Mwalimu, ni ya maonyesho tu," msomi wake akasema, taratibu, kama anamwongelesha mama yake. "Wakiona inatetemeka hawatatuelewa."

"Basi wasituelewe. Ukitoa kelele kwa kuifuta machoni, umetoa na mtoto. Itoe inakoingilia ama uiache ionekane."

Maonyesho yakafanywa kwingine, bila yeye. Karatasi ziliendelea kuja, lakini kwa kuchelewa.

Na mimi? Mimi nilidhani mtu mkali hivyo kwa ajili ya watoto wa watu, hatamnyima mtoto anayelala chini ya meza yake. Msimu wa vumbi kifua cha Wakesho kilibana. Alikuwa akilala mchana naona ubavu unaingia ndani. Nilikuwa nimelala kwa vipande wiki nzima, mkono kifuani pake. Na ndani ya kabati la mwalimu kulikuwa na kihisi kimoja kilichofungwa kwenye kitambaa, na king'ora chake kidogo, na betri. Nilikiomba.

"Hapana. Hakijawa tayari."

"Kinafanya kazi, Mwalimu. Nimekipima mimi mwenyewe."

"Kikipata joto kinalia bure. Si mara nyingi. Lakini kinalia."

"Kilie! Bora kilie bure kuliko nisiwe na kitu."

"Utakizima."

"Mimi? Mimi nikizime? Mtoto wangu?"

"Si leo. Siku ya kwanza utaruka. Siku ya tatu utaamka. Utachoka, Mama Wakesho, utanyoosha mkono ukiwa usingizini, utakizima. Sista naye hakuwa mtu mbaya."

Kunilinganisha na yule sista! Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka. Sikurudi. Fundi alinisalimia njiani nikampita. Niliuza viazi vya kukaanga karibu na stendi, mtoto kwenye kreti kando yangu, na kila nilipomwona anavuta hewa kwa shida nililiona lile kabati. Hasira yangu haikupoa. Ilikuwa inanifanyia kazi, ilinikeshesha.

Mama yangu ndiye aliyeiogopa. "Hasira ya mzazi inamkaa mtoto," aliniambia. "Unabeba kitu hicho kifuani, halafu unashangaa kifua cha mwanao kubana? Nenda ukatase."

"Kifua chake kimebana kwa sababu alizaliwa mapema, Mama."

"Na wewe unajua kila kitu. Ulipata ngapi vile, mtihani wa fizikia?"

Mwalimu akafunga chumba akapanda Wusi, miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Nilisikia kwa fundi. Kisha siku moja fundi huyohuyo akaja kwenye kibanda changu, akala viazi, akanipa ujumbe: "Mwalimu anasema upande. Na mtoto. Amesema uje umekasirika vilevile, ana haraka."

Nilipanda. Kule juu kuna baridi, mashamba madogo yamening'inia kilimani, ukungu unaingia jikoni bila hodi. Nilimkuta amepungua, miguu juu ya kigoda, shuka mabegani. Redio ilikuwa inakwaruza. Mezani kulikuwa na kitambaa, kihisi kipya na king'ora chake, na kando ya meza, karibu kabisa, jiko la mkaa linawaka mchana kweupe.

"Unasikia baridi, Mwalimu?"

"Si langu, ni lake." Akaonyesha kihisi. "Hapa juu kila kitu kimetulia, hata kibovu kinajifanya kizuri. Nakipikia joto la Voi. Na yule jirani yangu ana kinu cha kusaga, nimemwomba awashe." Kweli, kinu kilikuwa kinanguruma ng'ambo ya ua. "Walipata unene wa ule ukuta. Kingo wamezifunika, mahamri hayaingii tena. Leta mguu."

Wakesho alikuwa amelala begani kwangu. Tulimlaza kitandani, mwalimu akamzungushia kitambaa, akakifunga kwa vidole vilivyovimba. Mstari ukatokea kwenye kompyuta yake ndogo. Ulipanda na kushuka na moyo wa mtoto, mwembamba, msafi. Jiko linawaka, kinu kinanguruma, na mstari hautetemeki. Niliuona, lakini sikutaka kumpa sifa.

"Mama yako amenipigia simu," alisema.

"Ya nini?"

"Anasema una kitu moyoni juu yangu, na kinamkaa mtoto." Akavuta kikombe cha maji kilichokuwa sakafuni, akanisukumia. "Mlango uko wazi. Tema nje, useme."

"Si wewe mtu wa kanisa?"

"Ni mtu wa kanisa. Na wewe ni mtu wa hasira. Maji yapo."

Nilikitazama kikombe. "Nikitema sasa nitakuwa nadanganya, Mwalimu. Bado nimekukasirikia. Ulikuwa nacho kabatini."

Nilidhani atanipa ukimya wake. Alirudisha mgongo kwenye kiti. "Basi usiteme," alisema. "Wale vijana niliwakatazia kulainisha mstari. Nitakuomba wewe ulainishe nini?"

Tukakaa. Aliniuliza bei ya viazi. Nilimjibu.

Kikalia.

Mara moja, kwa ukali, na mstari ukaanza kuteremka. "Ni yeye ama ni s—" mwalimu alianza, kwa mazoea tu, lakini nilikuwa nimeshamnyakua. Midomo. Ile rangi. Nilimwinua, nikamsugua mgongo, nikamgonga nyayo, nikamwita jina lake na la bibi yake. Akavuta hewa kama mtu anayetoka majini, akalia, na kilio chake kilikuwa kikali kuliko king'ora. Rangi ikarudi. Mstari ukapanda, ukaendelea kupanda na kushuka.

Mwalimu alikuwa amesimama kwa ile miguu yake. Sijui alisimamaje.

"Ni yeye," nilimwambia.

"Ni yeye," alisema, akakaa.

Kinu kilikuwa bado kinasaga. Tangu tufunge kile kitambaa, hakikuwa kimelia bure hata kidogo. Kililia pale tu.

Nilikaa nikimnyonyesha mpaka akatulia. Kisha nikachukua kikombe, nikaenda mlangoni, mtoto mkononi, kitambaa bado mguuni. Nikajaza kinywa. Nilimtaja sista, moyoni, na nikamwachilia, alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Nilimtaja mwalimu na lile kabati. Nikatema, maji yakaenda mbali kwenye ukungu. Wengine, yule wa Mombasa kwanza, sikuwataja.

Nyuma yangu mwalimu aliuliza, "Yameisha?"

Kikombe kilikuwa na maji bado.

"Nusu," nilisema, na nusu iliyobaki nikainywa.